Dola bilioni 55 kwa nusu ya somo la Dani Bunten

Septemba 29, 2025, kampuni ya Electronic Arts, ambayo wachezaji wengi huiita EA tu, ilitangaza kwamba imekubali kununuliwa kwa dola bilioni 55 za Marekani. Wanunuzi ni mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, PIF, pamoja na kampuni za Silver Lake na Affinity Partners. Mjadala uliofuata umezunguka zaidi swali la Saudia inatafuta nini kwenye michezo ya kompyuta, na jibu linalorudiwa ni kwamba imenunua mpira: gemu ya EA Sports FC, majina ya wachezaji, nembo za klabu na viwanja vinavyong'aa kwenye skrini. Wapo pia wapenzi wa historia ya michezo hii wanaoitazama bei hiyo na kuona ndani yake heshima iliyochelewa kwa Dani Bunten, mbunifu wa Arkansas aliyefariki mwaka 1998 baada ya kutumia miaka 20 akiwaambia wakubwa wa biashara hii kwamba kompyuta ni chombo cha kukutanisha watu.

Naona tafsiri zote mbili zimepotoka, na ya pili inaniuma zaidi kwa sababu imeukaribia ukweli. Kilicholipiwa si nembo wala nyasi za kuchorwa. Kilicholipiwa ni watu wenyewe, mamilioni wanaoingia kila jioni kupambana na wenzao, na kweli Bunten aliiona thamani hiyo kabla ya karibu kila mtu. Lakini somo lake lilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema kwamba mchezo unanoga kwa sababu ya binadamu aliye upande wa pili. Nusu ya pili inasema kwamba anayetunga kanuni za mchezo ana deni kwa yule anayeshindwa, kwa kuwa huyo akinyanyuka na kuondoka, meza nzima imevunjika. Biashara ya michezo ya mtandaoni ilichukua nusu ya kwanza ikaijengea utajiri. Ya pili iliiacha palepale Arkansas.

Bunten alizaliwa mwaka 1949 mjini St. Louis, na familia yake ikahamia Little Rock. Aliwahi kueleza kwamba nyakati ambazo jamaa zake walikaa pamoja kwa amani zilikuwa zile za kucheza michezo ya mezani, na kwa maoni yangu kazi yake yote inaeleweka kwa kuanzia hapo. Alisomea uhandisi wa viwanda, na mwaka 1978 akatoa mchezo wake wa kwanza wa kompyuta, Wheeler Dealers, uliohusu mnada. Kompyuta ya Apple II haikuwa na njia ya kuwawezesha watu wanne kutaja bei kwa wakati mmoja, kwa hiyo mchezo uliuzwa pamoja na kifaa maalumu cha kubonyezea kilichotengenezwa kwa ajili yake. Bei ilikuwa dola 35, wakati michezo mingine ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuuzwa kwa chini ya nusu ya hapo. Ziliuzwa nakala 50. Mtu mwingine angepata funzo na kubadili njia. Yeye alirudi kwenye wazo lilelile kila alipopata nafasi.

Nafasi kubwa ilikuja EA ilipoanzishwa na Trip Hawkins mwaka 1982. Kampuni hiyo changa ilijitambulisha kwa namna ambayo leo inashangaza kuikumbuka: iliwatangaza wabunifu wake kama wasanii, ikaweka michezo kwenye majalada yanayofanana na ya santuri, na katika tangazo lake maarufu ikauliza kama kompyuta inaweza kumliza mtu. Hawkins aliutaka mchezo wa kibiashara ambao Bunten alikuwa ameufanyia kampuni ya SSI, SSI ikakataa kuuachia, na badala yake kundi la Bunten la Ozark Softscape, watu wanne akiwemo ndugu yake Bill, likatengeneza kitu kipya kabisa. Mwaka 1983 ukatoka M.U.L.E., mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya EA. Jina linamaanisha nyumbu, yule chotara wa punda na farasi wa kubebea mizigo, si nyumbu wa Serengeti.

Inafaa kukaa kidogo na mchezo huu, maana hoja yangu yote imelala ndani ya kanuni zake. Wachezaji wanne wanatua kwenye sayari iitwayo Irata, jina la Atari lililosomwa kinyumenyume, na wana miezi 12 ya kuijenga koloni. Kila mmoja anachukua kiwanja, anamnunua nyumbu wa chuma, anamfunga vifaa vya kuzalisha chakula, nishati au madini. Mwisho wa kila mwezi kuna mnada. Wauzaji wanasimama juu ya skrini na wanunuzi chini, na bei inapanda au kushuka kadiri kila mtu anavyousogeza mwili wake. Wakikutana, biashara imefanyika. Hakuna haja ya kuandika chochote. Unamwona mwenzako akisita, unamwona akijifanya hataki, na kwa kuwa amekaa hapo ubavuni, unaisikia pia pumzi yake. Kompyuta ya Atari 800 ilikuwa na matundu manne ya pedi, na Bunten aliyatumia yote manne.

Sasa tazama jinsi kanuni zinavyomtendea anayeshika mkia. Katika matukio ya bahati nasibu, baraka haimwangukii kamwe anayeongoza, na balaa haimpati kamwe aliye wa mwisho. Wawili wakifikia bei moja mnadani kwa wakati mmoja, anayepata ni yule aliye nyuma. Tena bidhaa zenyewe zinawafunga watu pamoja: usipokuwa na chakula cha kutosha, muda wako wa kufanya kazi mwezi ujao unapungua, nishati ikikosekana, viwanja havizalishi, madini ya smithore yasipochimbwa, duka linakosa chuma cha kutengenezea nyumbu wapya na bei yao inaruka. Mwenye tamaa anaweza kuhodhi chakula chote na kuwakamua wenzake. Hakuna anayemzuia. Ila mwisho wa mchezo kuna hesabu mbili: nani katajirika kuliko wenzake, na je, koloni kwa ujumla limefaulu? Ukiwa tajiri wa kwanza katika koloni lililofilisika, mchezo wenyewe unakuambia kwamba umeshinda juu ya magofu. Bunten hakuandika hotuba juu ya ushirikiano. Aliutia kwenye bei ya chakula.

Mchezo huo uliuzwa takriban nakala 30,000. Mwaka uliofuata Ozark Softscape ikatoa The Seven Cities of Gold, mchezo wa mtu mmoja kuhusu wavumbuzi wa Kihispania katika mabara ya Amerika, ukapita nakala 150,000. Hesabu hizi mbili ndizo zilizopima kazi zake zote zilizofuata. Soko lilitaka uchunguzi wa mtu pekee, na mwaka 1985 likapewa Heart of Africa, ambamo mchezaji anaizunguka Afrika ya mwaka 1890 akitafuta kaburi la farao. Hapa siwezi kupita kimya. Mwaka 1890 ndio mwaka ambao Zanzibar ilifanywa nchi lindwa ya Uingereza, na mipaka ya eneo letu ilikuwa ikichorwa na watu wasiotujua, lakini katika mchezo ule bara zima ni mandhari ya safari ya mgeni mmoja. Mbunifu aliyejua kuliko wote jinsi ya kuwapa watu wanne sauti sawa kwenye skrini moja alipotengeneza mchezo wa mtu mmoja, waliobaki wote wakawa mapambo. Sidhani ni bahati mbaya. Umbo la mchezo lina namna yake ya kuamua nani ni mtu.

Alirudi kwenye njia yake. Mwaka 1986 alitoa Robot Rascals, mchezo wa karata na kompyuta usioweza kuchezwa peke yako hata ukitaka; ukauzwa nakala 9,000. Mwaka 1988 ikaja Modem Wars, vita vya watu wawili wanaounganishwa kwa simu ya mezani, na wakati huo waliokuwa na modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, nyumbani walikuwa wachache mno. Ndani yake kulikuwa na jambo ambalo leo tungelitambua mara moja: mchezo ulihifadhi mwenendo wote wa pambano, ili wachezaji waurudie na kuutazama kama filamu, wakisimuliana ni wapi mtego ulitegwa na nani aliuingia. Akahamia kampuni ya MicroProse, akatoa Command HQ mwaka 1990 na Global Conquest mwaka 1992, huu wa mwisho ukiwakutanisha watu wanne kwa mtandao au modemu. Mwaka huohuo wa 1992 alibadili jinsia, na yeye tuliyemjua kwa jina la Dan kwenye majalada ya mwanzo akawa Danielle Bunten Berry. Nashukuru kuandika kwa lugha yenye neno moja tu, yeye, kwa maisha yake yote. Alipopewa kazi ya kuipeleka M.U.L.E. kwenye konsoli ya Sega, alitakiwa aongeze bunduki na mabomu. Alikataa, na mradi ukafutwa. Aliuawa na saratani ya mapafu Julai 1998, akiwa na miaka 49.

Baada ya kifo chake sifa zilimiminika. Mbunifu Will Wright aliutabaruku mchezo wake wa The Sims wa mwaka 2000 kwake, na mwaka 2007 Bunten aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya taasisi ya wabunifu wa michezo ya Marekani, akitambulishwa na mbunifu mwenzake Sid Meier. Ndipo ilipoota hoja ambayo nataka kuipinga, na ambayo imepata nguvu mpya tangu tangazo la Septemba: kwamba Bunten aliwahi kabla ya wakati, teknolojia haikuwa tayari, na leo kwa kuwa kila mtu ana intaneti mfukoni, ndoto yake imetimia. Inasikika kama sifa. Kwa kweli inamgeuza kuwa mtabiri wa nyaya, kana kwamba alichokosa ni kasi ya mtandao tu. M.U.L.E. haukuhitaji mtandao wowote. Watu wanne, skrini moja, mwaka 1983, na mchezo ulikuwa mzima. Kama hoja ya teknolojia ingekuwa kweli, tungetarajia kwamba waya ulipofika, kanuni zake zingefuata. Hazikufuata.

Chukua gemu ileile inayotajwa kuwa kito cha ununuzi huu. Katika Ultimate Team, sehemu ya gemu ya mpira ya EA ambamo unajenga kikosi kwa kadi za wachezaji, kadi zinapatikana kwenye pakiti zinazofunguliwa kwa bahati, na pakiti zinaweza kununuliwa kwa fedha halisi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team ya michezo yote ya EA, sehemu kubwa ikiwa ya mpira, iliiingizia kampuni dola bilioni 1.62. Linganisha bahati ya Irata na bahati hii. Kule, bahati imepangwa imwinue aliye chini. Huku, bahati inauzwa, na mwenye pesa anaweza kuijaribu mara nyingi zaidi. Kule, mchezo unakaa kwenye disketi na unachezeka hadi leo. Huku, kila mwaka toleo jipya linatoka na kikosi ulichokijenga hakihami pamoja nawe, kwa hiyo hata aliyefika kileleni anaanza upya kununua. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba visanduku vya bahati vya namna hii ni kamari, na mapema mwaka 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi zake za kununulia pakiti. Uholanzi ilijaribu njia hiyohiyo kwa faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta. Kwa hiyo kisheria jambo bado lina utata, na ni haki kusema kwamba EA hutangaza uwezekano wa kupata kila aina ya kadi. Swali langu si la kisheria. Ni swali la nani anayetunzwa na kanuni.

Wanaotetea mwelekeo wa sasa wana hoja nzito zaidi kuliko ile ya unabii, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni gharama. Mnada wa Irata ulifanyika kwenye mashine ya mwenye nyumba, lakini mechi ya watu walio nchi mbili inahitaji seva, ulinzi dhidi ya walaghai na wahandisi wa usiku na mchana. Pakiti za matajiri wachache zinaweza kumlipia kijana asiye na kitu. Kijana wa Mbagala au Kayole anayecheza eFootball ya Konami kwenye simu yake bila kununua gemu ananufaika na mfumo huu, na mimi siwezi kumwambia kwamba angekuwa na hali bora zaidi kama angetakiwa kulipa bei kamili dukani. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Ila inaeleza kwa nini pesa zinahitajika, haielezi kwa nini ziuzwe kwa kumpa mnunuzi nguvu uwanjani. Fortnite imekusanya mabilioni kwa kuuza mavazi na ngoma ambazo haziongezi risasi hata moja.

Hoja ya pili ni ya haki ya ushindani. Wanasema kanuni za Bunten zinafaa sebuleni, kati ya ndugu, lakini kati ya wageni wawili wanaopigania nafasi kwenye jedwali, kumsaidia wa mwisho ni kumwibia wa kwanza. Kuna ukweli hapa pia. Nisingependa kuona mashindano ya kulipwa ambapo kinara anawekewa mzigo mgongoni. Hata hivyo wanasahau kwamba karibu kila mchezo mkubwa wa mtandaoni tayari unamlinda mnyonge kwa mlango wa nyuma, kwa kumpangia wapinzani wa kiwango chake. Na wanasahau Mario Kart, ambamo aliye nyuma hupata silaha bora kuliko anayeongoza, na ambayo toleo lake la Mario Kart 8 Deluxe limeuzwa zaidi ya nakala milioni 60. Watu hawakuikimbia kwa kudai kwamba wameibiwa ushindi. Waliwaita wadogo zao na mama zao waje kucheza.

Hata vibanda vya gemu vya mitaani kwetu vinalijua hili. Nilipokua, kanuni ya kibanda ilikuwa anayefungwa anapisha, na kijana mmoja hodari angeweza kukalia pedi mchana kutwa. Mwenye kibanda hakuwa na moyo laini, lakini mtoto aliyefungwa mara tatu mfululizo alimpa mechi moja ya bure na kumlazimisha yule hodari achukue timu dhaifu. Alikuwa anahesabu benchi la kesho. Asiyeshinda kamwe harudi, na hodari asiye na wa kumfunga hana sababu ya kulipa.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba ushahidi bora wa Bunten leo umo kwenye rafu ya EA yenyewe. Mwaka 2021 EA ilichapisha It Takes Two, kazi ya studio ya Hazelight ya Sweden inayoongozwa na Josef Fares. Haichezeki na mtu mmoja, sawasawa na Robot Rascals. Mmoja akinunua, rafiki yake anacheza naye bila kulipa. Ilichukua tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards na kuuzwa kwa mamilioni, na Machi 2025 studio hiyohiyo ikatoa Split Fiction kwa masharti yaleyale, ikauza nakala milioni mbili katika wiki ya kwanza. Nakala 9,000 za mwaka 1986 zilitumiwa kama hukumu dhidi ya wazo zima, kwamba watu hawataki mchezo unaowalazimisha kuhitajiana. Hukumu hiyo imetenguliwa, na haikutenguliwa na waya. Imetenguliwa na wabunifu walioandika kanuni ambazo mmoja hawezi kusonga bila mwenzake.

Hapo ndipo ununuzi huu unapopaswa kutazamwa. Sehemu ya dola bilioni 55, yaani bilioni 20, ni mkopo, na mkopo wa ununuzi wa aina hii hulipwa na kampuni iliyonunuliwa. Karibu robo tatu ya mapato ya EA tayari yanatokana na huduma zinazoendelea kuuzwa ndani ya michezo baada ya mchezo wenyewe kununuliwa. Kampuni yenye deni hilo itavutwa kuelekea mahali ambapo pesa hutoka haraka, yaani kwenye pakiti, na itavutwa mbali na michezo inayomruhusu rafiki kuingia bure. Tena itavutwa kufunga kile kisicholipa. Julai 2025, kabla hata ya mkataba kutangazwa, EA ilisema kwamba seva za Anthem, mchezo wake wa mwaka 2019, zingezimwa Januari 12, 2026, na seva zikizimwa hakuna namna ya kuucheza tena, hata kwa aliyeulipia. M.U.L.E. wa 1983 bado unachezwa; mwaka 2009 kampuni ya Turborilla ilitoa toleo la mtandaoni, Planet M.U.L.E., kwa idhini ya Ozark Softscape.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama wamiliki wapya wamenunua urithi wa Bunten asitazame nembo za klabu, wala asihesabu idadi ya watu waliounganishwa usiku mmoja. Atazame mkataba unaofuata wa Hazelight, kama upo na kama rafiki bado anaingia bure. Atazame pakiti za toleo lijalo la mpira, kama zitazidi kuuza nguvu au zitaanza kuuza mapambo. Na atazame kinachompata kijana aliyefungwa mechi tano mfululizo usiku wa kwanza: je, kuna kanuni yoyote iliyoandikwa kwa ajili yake, au skrini inayofuata ni ile ya dukani?